Gari la Mbele

Katika msafara wa jangwani, gari la mbele ndilo lenye jina. Dereva wake hulipwa riali mia tatu zaidi, hula sahani moja na bosi, na wageni humwita kwa jina lake badala ya kumpigia makofi. Onesmus Musyoka alikuwa ameliendesha gari hilo mwaka mmoja na miezi minne, na kwa muda huo wote hapakuwa na mtu hata mmoja pale Riyadh aliyejua kwamba hajui kusoma.

Alhamisi hiyo alikuwa uani akipangusa vumbi kwenye skrini ya gari, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Abu Fahd, mwenye kampuni, akatoka ofisini na kikombe cha kahawa mkononi.

“Onesmus! Nimekutumia orodha. Vituo kumi na saba, kutoka hapa mpaka Jeddah. Wageni sita, magari matatu. Lami sitaki kuiona mpaka tukaribie Taif. Kesho jioni njia iwe imeingia ndani ya gari.”

“Mafi mushkila, bosi. Hamna shida.”

“Lakini umeiona?”

Onesmus akatoa simu akaitazama ile orodha huku amekunja uso. Nambari alizijua, hata mtoto anayeuza karanga huzijua. Lakini yale maandishi yaliyozizunguka yalikuwa kwake ni wadudu tu waliopondwa ukutani.

“Nimeiona. Hapo katikati pana mawe mabaya,” akasema, kwa sababu kati ya Riyadh na Jeddah huwezi kukosa mahali penye mawe mabaya.

“Ndiyo maana nakupenda,” bosi akasema, akarudi ndani.

Vincent, dereva wa gari la pili, kijana wa Nakuru mwenye mdomo usiochoka, alikuwa amechuchumaa akikagua tairi. “Mzae, si siku moja unionyeshe vile hupanga hizo route? Mimi nikishika hiyo skrini naona giza.”

“Mimi nilionyeshwa na nani? Nilijifunza peke yangu.”

“Ah, unaficha kazi kama mganga.”

Onesmus akacheka kicheko cha mkubwa, akaenda nyuma ya tangi la maji, mahali alipopatumia kama ofisi yake. Akaituma orodha kwa binti yake, kisha akausogeza mdomo karibu na simu. “Mama, kuna kazi nyingine. Hii inakuja huko kwenu. Wanataka iwe tayari kesho jioni. Pole kwa kukusumbua.”

*

Winfred alikuwa mtumishi wa ndani katika nyumba moja ya Ruwais, Jeddah, mwaka wa tatu sasa, na baba yake hakuwahi kumtia machoni tangu waagane uwanja wa ndege. Walikuwa nchi moja, lakini kila mmoja na kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, na kati yao kulikuwa na mwendo wa siku nzima na ruhusa ambayo hakuna aliyeitoa.

Kazi aliyomfanyia baba yake alijifundisha mwenyewe. Simu yake ilikuwa imepasuka kioo, nusu yake nyeusi, kwa hiyo Yassir, mtoto wa madam, akienda shule, yeye aliichukua tableti yake na kukaa nayo jikoni huku wali ukiiva. Aliitazama nchi kwa picha zilizopigwa kutoka angani. Alijua kwamba penye weupe ni chumvi, pakavu kwa juu na tope chini, gari huzama mpaka milangoni. Penye weusi ni mawe ya volkano yanayochana tairi kama wembe. Kati ya weupe na weusi huo alichora mstari, na kwenye kila kituo, badala ya jina, akaweka picha: hema, samaki, nyota, mti. Kisha akamtumia baba yake, pamoja na sauti ya kumwelekeza. Onesmus alichomeka simu kwenye gari kwa waya, akabonyeza kitufe cha kijani, njia ikaingia. Kijani ni kubali, nyekundu ni kataa. Elimu yake yote ya skrini iliishia hapo.

Onesmus aliiacha shule darasa la pili. Mwalimu mkuu alimrudisha nyumbani kwa ajili ya pesa za jengo, na jengo hilo halijasimama hadi leo, ingawa mwalimu mkuu mwenyewe alijenga la ghorofa na akafa diwani. Miaka mingi baadaye, hospitalini, daktari alimpa karatasi iliyoandikwa kwamba mke wake arudi Jumatatu asubuhi bila kukosa. Hakumwambia kwa mdomo, alikuwa na haraka, na mke alikuwa amedhoofika mno hata kuisoma. Onesmus akaiweka karatasi mfukoni, akamrudisha Jumatano. Tangu hapo aliwachukia watu wote wanaokaa nyuma ya meza na kalamu, na chuki hiyo ilimsaidia, maana bila hiyo angebaki na ile Jumatano peke yake.

Winfred ndiye aliyeisoma karatasi ile, siku ya mazishi. Hakuwahi kumcheka baba yake kwa jambo la kusoma.

*

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko zote alizowahi kuongoza. Walipunguza upepo wa matairi, wakaupanda mchanga, wakaushuka, hema likafuatwa na samaki, samaki akafuatwa na nyota. Mgeni mmoja mwenye miwani alimwambia Abu Fahd, “Dereva wako anaijua nchi kama aliyezaliwa hapa.” Onesmus alisikia, akajifanya hakusikia.

Siku ya pili, adhuhuri, walisimama kando ya mawe meusi wanywe kahawa. Mkeka ulitandikwa ubavuni mwa gari la mbele, milango ikaachwa wazi hewa ipite. Simu ya Onesmus ilikuwa bado kwenye waya, kwa hiyo ilipolia, ililia kupitia spika zote za gari. Jina la Winfred hakuweza kulisoma, lakini aliitambua ile picha ya ua aliyomwekea. Hakuwahi kupiga mchana. Akabonyeza kijani kabla hajafikiri.

“Wewe ni nani?” Ilikuwa sauti ya mwanamume, Mwarabu, na ilijaa gari zima. “Mimi ni kafili wa Winfred, hapa Ruwais. Nimekuta ramani kwenye tableti ya mwanangu. Njia inayotoka Riyadh kupitia jangwani, mahali pasipo na polisi, imewekewa maji, imewekewa petroli, na mwisho wake ni mlango wangu! Namba yako ndiyo iliyotumiwa ramani hiyo. Unakuja kumtorosha?”

Kwenye mkeka mazungumzo yakakatika. Abu Fahd akageuza shingo.

“Anasema wewe ni baba yake,” ile sauti ikaendelea. “Nimeangalia pasipoti yake, hana jina lako hata moja. Haya, sema. Ni binti yako au si binti yako? Na ramani ni za nini?”

Nyuma ya sauti hiyo ikaja nyingine, ya karibu kulia, kwa Kiswahili. “Baba, waambie tu. Waambie vile nakusaidia. Baba!”

Onesmus aliona macho ya wageni sita. Alimwona yule wa miwani ameshika tende hajaila. Ilikuwa ni kusema maneno matatu tu, sijui kusoma, ananisaidia. Akayatafuta, akayapata.

“Simjui,” akasema. “Umekosea namba.”

Akabonyeza chekundu.

“Nani huyo?” Abu Fahd akauliza.

“Mtu tu, bosi. Amekosea namba.”

Vincent alikuwa ametulia na birika mkononi. Yeye peke yake ndiye aliyeelewa kile Kiswahili. Alimsogelea, akasema chini chini, “Mzae, huyo dem amekuita baba.”

“Si hata bosi wanamwita baba? Kila mtu huku ni baba.”

“Hakuwa anaongea na bosi.”

“Kunywa kahawa yako, Vincent.”

Vincent akainywa. Hakufanya mzaha, na hilo ndilo lililomchoma Onesmus, kwamba mdomo ule nao ulikuwa umepata aibu kwa niaba yake.

*

Alasiri walikuta wadi, mkondo mkavu wa mvua, umejaa maji. Mvua ilikuwa imenyesha milimani bila wao kuona hata wingu, na maji mekundu yalipita kwa kelele mahali ambapo ramani ilionyesha mchanga mkavu.

“Zungusha,” Abu Fahd akasema, ameketi kando yake. “Tafuta njia ya juu. Iambie gari.”

Siku nyingine angejifanya anakwenda haja, akampigia Winfred nyuma ya jiwe. Leo alijua simu hiyo iko mikononi mwa nani. Akagusa skrini mahali, akagusa na pengine, na mara kikatokea kisanduku chenye maandishi, na chini yake vitufe viwili. Vyote vilikuwa vyeupe.

Alikaa na kidole hewani.

“Yalla,” bosi akasema.

Akabonyeza cha kulia. Mstari ukatoweka. Hema, samaki, nyota, vyote vikafutika, ikabaki nchi tupu ya rangi ya chapati na kimshale kimoja katikati yake.

“Umefanya nini? Ilikuwa imeandika nini pale?”

“Bosi…”

“Nakuuliza imeandika nini!”

“Sijui kusoma, bosi.”

Abu Fahd akacheka, akidhani ni utani, kisha akakoma. “Kiarabu?”

“Kiarabu, Kiingereza, Kiswahili. Hata kimoja.”

“Na njia zote hizi? Mwaka mzima umeniingiza mimi na watu wangu katikati ya jangwa…”

“Njia ni za kweli, bosi. Hazijakosea hata siku moja. Mwenye kuzichora ni binti yangu. Ni yule wa kwenye simu.”

“Yule uliyesema humjui?”

Wageni wawili wa kiti cha nyuma walijifanya kutazama maji. Onesmus alikuwa ameutoa ukweli hatimaye, lakini kila mtu ndani ya gari lile, yeye akiwa wa kwanza, alijua kwamba aliutoa baada ya uongo kumwishia.

Abu Fahd alishuka, akatembea huku na huko, akarudi. Hakupiga kelele tena, na afadhali angepiga. “Mtu yule akienda polisi, atasema kuna dereva wa Riyadh anayeiba watumishi. Laini ya simu ni yangu. Gari ni langu. Halas. Tunakwenda kwake kwanza, utamwambia mwenyewe. Vincent!”

“Naam, bosi.”

“Chukua ufunguo huu. Geuza, fuata alama za matairi yetu mpaka tuikute lami.”

Gari la pili likachukuliwa na mpishi wa msafara, na Onesmus akahamia gari la tatu, akakaa nyuma pamoja na magodoro na ndoo.

*

Walilala Taif. Kesho yake asubuhi Vincent ndiye aliyewafikisha Ruwais, wageni wakiwa wamechukua teksi kwenda hotelini isipokuwa yule wa miwani, aliyesema hana haraka. Kafili wa Winfred, Abu Yassir, alikuwa mtu mnene mwenye uso wa kukosa usingizi. Alitoka mlangoni na tableti mkononi. Nyuma yake alisimama mkewe, na nyuma ya mkewe, kando ya ngazi, Winfred. Alikuwa amekonda. Onesmus alimtazama mara moja, akashindwa kurudia.

“Jana humjui,” Abu Yassir akasema. “Leo umemjua?”

“Nilidanganya, baba. Nisamehe. Sijui kusoma. Yeye ndiye hunisaidia kazi ya gari, na nilikuwa naficha.”

“Kila mtu anaweza kusema hajui kusoma.” Akachomoa risiti mfukoni, akaisukuma kifuani pake. “Soma.”

Onesmus akaishika ile karatasi. Akaipindua. Akairudisha ilivyokuwa.

“Unaona? Ananyamaza. Hata mimi naweza kunyamaza! Nilikuwa naenda leo kumwandikisha kwamba ni mtoro, arudishwe kwao, asikanyage tena nchi hii. Nipe sababu moja ya kuacha.”

Ni kweli, mtu atathibitishaje kwamba hajui jambo? Onesmus akaitoa simu yake, akampa Vincent. “Zile sauti zake zote zimo. Ziweke kubwa. Umwambie kwa Kiarabu.”

“Mzae, zote?”

“Weka.”

Sauti ya Winfred ikasikika pale mtaani. “Baba, amka. Kunywa chai kwanza. Sasa bonyeza kile cha kijani. Sio hicho, baba, kile kinafanana na jani. Umebonyeza? Vizuri sana.”

Vincent akatafsiri. Mwanzoni alitabasamu, maana ni kweli ilichekesha, mzee wa miaka hamsini na mbili akisifiwa kama mtoto wa chekechea. Alipofika ya tatu tabasamu lilikuwa limekwisha.

“Bosi akiuliza ule mlima unaitwaje, mwambie Tuwaiq. Sema na mimi, baba. Tu-wa-iq. Tena. Usiseme kwa woga, sema kama umeishi hapo.”

Abu Fahd akainamisha kichwa. Alikumbuka siku aliyoambiwa jina hilo, na jinsi alivyowajulisha wageni kwa fahari.

“Baba, ngoja, usizime gari, naitwa.” Na nyuma ya maneno hayo, mbali kidogo, sauti ya mwanamke ikipaza, “Winfred! Wewe Winfred! Yalla!” Mke wa Abu Yassir akashtuka, akaweka mkono mdomoni. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Ikaja nyingine, na nyingine, miezi kumi na sita ya sauti, na katika nusu yake alisikika akigomba jikoni mwake, na mtoto wake akilia kutaka juisi.

Ya mwisho ilikuwa ya Ijumaa. “Hii ya mwisho kabisa nimekuwekea nyumba. Ni hapa tunapokaa, baba. Ukishawashusha wageni, pita tu barabarani, usisimame, madam hapendi. Nitakuwa juu ya paa naanika nguo. Nitakuona.”

Vincent aliitafsiri akiwa ameutazama ukuta. Ilikuwa imekwisha, lakini Abu Yassir aliendelea kuitazama simu kana kwamba inadaiwa neno zaidi. “Majina hayalingani,” akasema, lakini bila nguvu.

“Wakala wa Nairobi alimwandika jina la babu yake,” Onesmus akajibu. “Walikuwa na haraka. Wana haraka siku zote, na sisi ndio tunabaki na makosa yao.”

“Nyamaza, wewe jana ulikuwa na nafasi ya kusema.” Abu Yassir akageuka. “Winfred. Njoo hapa. Huyu ni baba yako?”

Winfred akasogea mpaka kizingitini. Safari hii Onesmus alilazimika kumtazama, maana wote walimtazama yeye. Binti aliyapitia yale mashavu, zile ndevu zenye mvi mpya asizozijua, lile shati lililobandikana na vumbi la magodoro. Gari moja likapita, likaenda mpaka mwisho wa mtaa, likakata kona. Vincent akafungua mdomo amsaidie, akaufunga.

“Ndio,” akasema hatimaye. “Ni yeye.”

“Halas,” Abu Yassir akasema. “Tableti usiiguse tena. Simu utarudishiwa.” Akapumua. “Msalimieni, basi. Dakika kumi.”

“Nina nguo za kuanika,” Winfred akasema, akapanda ngazi.

*

Walirudi Riyadh kwa lami. Abu Fahd alipanda ndege na wageni, akaacha maagizo: Vincent ataongoza, Onesmus ataosha magari mpaka ikama yake, kibali cha kukaa nchini, iishe, kisha watazungumza. Kwa hiyo gari la mbele sasa liliendeshwa na kijana, na Onesmus aliketi kando yake, mikono mapajani.

“Angekufukuza leo leo,” Vincent akasema walipokuwa wamepita Taif. “Ni yule wa miwani alikuombea.”

“Aliniombea kwa kuwa alinihurumia. Ni mamoja.”

“Si mamoja, mzae. Ukifukuzwa unarudi nyumbani na nini?”

Simu ikalia mara moja, mlio wa ujumbe. Onesmus akaona lile ua. Akabonyeza haraka, akaisogeza sikioni, akasubiri sauti. Hakukuwa na sauti. Akaitazama. Palikuwa na maandishi, mistari sita au saba, wale wadudu wake wa siku zote. Katika maisha yake yote Winfred hakuwahi kumwandikia.

Alikaa nayo mpaka kituo cha petroli. Vincent aliposimamisha gari, akamnyooshea. “Nisomee.”

Vincent akaisoma kimoyomoyo. “Hii si yangu kusoma, mzae. Mpigie.”

“Soma, kijana. Nimekwisha vuliwa nguo mbele ya watu, utaogopa kuniona goti?”

Vincent akasafisha koo. “Anasema: Baba, nimerudishiwa simu. Niko sawa. Nilisema ndio kwa sababu ningesema hapana ungefungwa. Sitakutumia sauti tena. Zile zote nimezifuta kwangu. Siku ile nilikaa kwenye sakafu ya jikoni nikakuita mara mbili, na najua ulisikia. Ukitaka kunieleza kwa nini ulisema hunijui, usipige, sitashika. Niandikie.”

Mhudumu wa petroli akagonga kioo akiuliza ajaze au asijaze. Vincent akamwashiria asubiri.

“Nitakuandikia mimi,” Vincent akasema. “Wewe sema tu, nitaandika vile utasema.”

Onesmus alitikisa kichwa. Akaichukua simu, akaishika karibu na uso. “Hilo la mwisho ni lipi?”

“Lipi?”

“Neno la mwisho kabisa. Nionyeshe linapoanzia.”

Vincent akaweka kidole. Onesmus akaweka chake kando ya hicho, kidole kinene chenye grisi ukuchani, akaanza kulipapasa neno lile kutoka upande wa kushoto.